Lisbon kwa mfuko mwembamba: siku tano kwenye mji uliokula dhahabu ya Kilwa

Nilipoaga nyumbani kwamba naenda Ureno, mjomba wangu, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, hakuniuliza nitafikia kwa nani wala nitarudi lini. Aliuliza hivi: "Wamekubali kurudisha?" Nikacheka, nikapanda zangu ndege. Siku ya nne, nikiwa nimesimama mbele ya sanduku la kioo, ndipo nilipojua kwamba mzee hakuwa na utani. Tutafika huko. Kwanza tuongee hela, maana bila hela hata hilo sanduku hulioni.

Wengi wetu tukiiota Ulaya tunaota Paris au London, miji inayokukausha kabla hujala cha mchana. Lisbon, mji mkuu wa Ureno, nayo imepanda bei, wenyeji wenyewe wanalia na kodi za nyumba, lakini bado unaweza kunywa kahawa kwa euro moja, ukashiba kwa euro kumi, na ukaona sehemu kubwa ya mji kwa miguu yako tu. Bei nitakazotaja ni za Februari 2025, nilipokwenda. Wewe ongeza kidogo juu yake.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kuchagua ndege

Nenda Novemba, au kati ya nusu ya pili ya Januari na mwanzo wa Machi. Julai na Agosti kitanda kile kile huuzwa karibu mara mbili, na foleni za Belém, upande wa mji wenye monasteri na mnara, zinakuwa kama za mwendokasi saa kumi na moja jioni. Juni, usiku wa tarehe 12 kuamkia 13, kuna sikukuu ya Mtakatifu Antonio. Mtaa wa Alfama wote hunukia samaki wa sardini wa kuchoma na watu hucheza barabarani mpaka alfajiri. Ni raha, ila si raha ya mwenye bajeti.

Baridi ya Lisbon ukiisoma kwenye simu haitishi: nyuzi nane usiku, kumi na tano mchana. Shida imo ndani ya nyumba. Nyumba nyingi za zamani hazina mitambo ya kupasha joto, kwa hiyo nje unaota jua na ndani ni kama umeingia mtungini. Nililala na koti na soksi jozi mbili. Mwavuli acha, upepo wa Atlantiki utaugeuza siku ya kwanza. Beba koti la mvua lenye kofia.

Viatu ni jambo la kufa na kupona. Njia za wapita kwa miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa vyeupe na vyeusi, vilivyosuguliwa na nyayo za watu mpaka vinang'aa. Vinapendeza machoni, na vikilowa ni sabuni. Mji nao ni vilima vitupu. Chukua viatu vya raba vyenye meno. Nilishuka mteremko mmoja nimekaa kitako, na bibi aliyekuwa dirishani akanipigia makofi.

Hatua ya 2: Viza, miezi mitatu kabla

Ureno imo kwenye eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90, mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45, na hairudishwi ukikataliwa. Juu yake kuna ada ya kituo kinachopokea maombi. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usichelewe kupita siku 15 kabla. Mimi nasema miezi mitatu, kwa sababu nafasi za miadi huisha. Uliza mapema ni ubalozi wa nchi gani unaoshughulikia maombi ya Ureno pale ulipo, maana nchi hizi hufanyiana kazi hiyo.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, na ibaki na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Taarifa ya benki ndiyo inayowaangusha wengi. Usiazime hela za shangazi na kuzimwaga kwenye akaunti wiki moja kabla, wanaziona. Akaunti yenye mshahara mdogo unaoingia kila mwezi inasema ukweli vizuri kuliko milioni kumi zilizodondoka jana. Na malazi weka oda inayoweza kufutwa bila faini, mpaka viza itoke.

Hatua ya 3: Nauli

Kutoka Dar es Salaam au Nairobi hakuna ndege ya moja kwa moja. Utapitia Istanbul, Doha, Dubai au mji mmoja wa Ulaya. Aliye Muscat au Dubai ana unafuu wa sehemu ya safari. Aliye tayari Ulaya atafute Ryanair au easyJet na asafiri na begi la mgongoni tu, kwa sababu mzigo huko huweza kuzidi nauli yenyewe.

Ukipitia Amsterdam, Frankfurt au Paris, ukaguzi wa pasipoti hufanyika pale pale unapoingia Schengen, si Lisbon. Mpango wa kubadili ndege kwa saa moja ni kamari. Acha saa mbili na nusu.

Hatua ya 4: Lala Anjos au Arroios

Baixa, Chiado na Alfama ni mitaa ya kutembelea, si ya kulala kwa mwenye mfuko mwembamba. Panda kidogo kaskazini kwenye njia ya kijani ya metro: Intendente, Anjos, Arroios. Hosteli niliyolala ilikuwa euro 22 kwa kitanda, chumba cha watu sita, jiko la kupikia lipo. Mtaani utasikia Kinepali, Kibengali, Krioli cha Cape Verde, na kila baada ya nyumba nne kuna duka la mboga lenye bamia na pilipili mbichi.

Halmashauri ya jiji inatoza kodi ya utalii, euro 4 kwa kila usiku kwa kila mtu mwenye umri kuanzia miaka 13, mwisho usiku saba. Mara nyingi haimo kwenye bei uliyoona mtandaoni. Iweke kwenye hesabu ili usije ukagombana na mtu wa mapokezi ambaye hana kosa.

Hatua ya 5: Toka uwanjani kwa metro

Usipande teksi. Metro imefika ndani ya uwanja wa ndege: njia nyekundu, shuka Alameda, badili uchukue ya kijani, na muda si mrefu umefika Arroios au Anjos. Kwenye mashine nunua kadi ya Navegante kwa senti 50. Kila mtu na kadi yake. Safari moja ni chini kidogo ya euro 2. Tiketi ya saa 24, inayotumika kwenye metro, basi na tramu za mji, ni euro 7. Unaweza pia kuweka salio na kukatwa kila unapopanda, ambayo ndiyo nafuu siku za kupanda mara mbili au tatu tu. Ukimlipa dereva wa tramu taslimu, safari moja inapita euro 3. Hiyo ni adhabu ya uvivu.

Siku ya tiketi ya saa 24 ndiyo siku ya kupanda lifti ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902, maana imo humo humo, wakati peke yake ni kama euro 6. Ikiwa imefungwa au foleni ni ndefu achana nayo. Daraja lake la juu linafikika kwa miguu kutokea Largo do Carmo. Tramu za kamba za kupandia vilima usizitegemee kwenye mpango wako. Ile ya Glória ilipata ajali mbaya Septemba 2025, watu 16 wakafa.

Kutoa hela, tafuta mashine iliyoandikwa Multibanco, ikiwezekana ukutani kwa benki. Mashine zilizobandikwa karibu na vivutio zinakuuliza kwa upole kama ungependa "kubadilishiwa" iwe shilingi au dola. Kataa. Chagua euro kila mara.

Hatua ya 6: Kula kama fundi wa pale

Hapa ndipo bajeti hufa au hupona.

Asubuhi ingia mgahawa wowote wa mtaani, simama kaunta, agiza *bica* na *pastel de nata*. Bica ni kahawa nyeusi kikombe kidogo, chungu, ya kumeza mara tatu. Mzee wa baraza la kahawa Mombasa angeitambua bila kuambiwa. Pastel ni kitumbua cha unga wa tabaka chenye kastadi ya mayai iliyoungua juu kwa makusudi. Vyote viwili ni kama euro mbili na nusu. Ukikaa kwenye meza za nje bei hubadilika, kwa hiyo simama kama wenyeji.

Mchana ndio mlo mkubwa. Tafuta *tasca*, yaani mgahawa mdogo wenye karatasi badala ya kitambaa mezani na televisheni yenye mpira, na uulize *prato do dia*, chakula cha siku. Euro 9 au 10, sahani imejaa: samaki wa kuchoma, viazi, wali. Dalili njema ni mafundi wenye nguo za rangi kwenye foleni. Dalili mbaya ni mtu aliyesimama mlangoni anakuita kwa lugha nne.

Sasa kosa langu. Siku ya kwanza nilikaa kwenye mgahawa mmoja wa Baixa. Kabla sijaagiza kitu, kijana akaleta mkate, zeituni, siagi na kipande cha jibini. Nikasema moyoni, hawa ni watu wa ukarimu kama sisi. Nikala vyote. Bili ilipokuja, ukarimu ulikuwa umeandikwa mstari kwa mstari, euro 9 na ushee. Wanauita *couvert*. Si wizi, ni desturi yao, na ambacho hukuagiza unayo haki ya kukirudisha. Kikifika, sukuma sahani pembeni na useme "não, obrigado", na mwanamke aseme "obrigada". Hakuna atakayenuna.

Kwa asiyekula nguruwe, jihadhari: yumo kwenye mkate wa *bifana* unaouzwa kila kona, yumo kwenye vipande vya soseji ndani ya supu ya kijani ya *caldo verde*. Sema "sem porco". Kilicho salama zaidi ni samaki, au kwenda Martim Moniz na Mtaa wa Benformoso nyuma yake, ambako migahawa ya Wabangladeshi ina nyama halali na biriani. Kwenye kabati za kioo za migahawa mingi utaona kitu cha pembetatu kinaitwa *chamuça*. Ndiyo, sambusa, ila uliza ndani kuna nyama gani. Imefika huko na watu wenye asili ya Goa na Msumbiji. Na kuku wa *piri-piri* sina haja ya kukueleza neno lake lina undugu na nini.

Usiku pika, au nunua kuku wa kuchoma supamaketi. Mmoja anatosha watu wawili na mkate wa kesho. Maji ya bomba ni safi, jaza chupa yako.

Kuhusu lugha, usiogope. Umezungumza Kireno tangu utotoni bila kujua. *Mesa* ni meza, *bandeira* ni bendera, *vinho* ni mvinyo, *ananás* ni nanasi, *lenço* ni leso. *Caixa* ndilo kasha letu, na kule ndilo neno lililoandikwa juu ya mahali pa kulipia dukani. *Igreja* ni kanisa, na ndilo lililotupa gereza. Wazee wetu waliona kanisa ndani ya ngome, wakaiita ngome yote hivyo, kisha waliokuja baadaye wakafungia watu humo. Upande mwingine mnakutana kupitia Kiarabu: *açúcar* ni sukari, *azeitona* ni zeituni, na mzee akishusha pumzi na kusema *oxalá*, huyo amesema inshallah ya babu zake wa zamani sana.

Hatua ya 7: Siku mbili za miguu

Anza Rossio, uwanja wa katikati ya mji, asubuhi, ingia kanisa la São Domingos. Bure. Moto uliliunguza mwaka 1959, na walipolifungua tena hawakuficha majeraha. Nguzo zimemegeka kama mkate ulioliwa na panya, na kuta zina rangi ya udongo mwekundu. Nje kuna jiwe la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa mjini humu mwaka 1506. Ushike huo mwaka, tutaurudia. Kiwanja hicho hicho jioni hujaa Waafrika, wengi wa Guinea-Bissau, wamesimama makundi makundi wakizungumza. Ni baraza. Niliamkia, nikaitikiwa, na nilipouliza njia mzee mmoja alinisindikiza hadi kona.

Shuka Baixa. Mitaa imenyooka kama rula kwa sababu ilichorwa upya. Tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliangusha mji, mawimbi ya bahari yakapanda mtoni, na mishumaa ya makanisani ikasaidia kuwasha moto uliodumu siku kadhaa. Waziri aliyeujenga upya, Marquês de Pombal, aliagiza nyumba zitiwe kizimba cha mbao ndani ya kuta ili zicheze bila kuanguka. Ukitaka kuona mji ulivyovunjika, panda Carmo. Kanisa lile waliliacha bila paa, na matao yake unayaona hata ukiwa nje bila kulipa.

Siku ya pili ni ya Alfama na Mouraria, pande mbili za kilima cha ngome. Alfama ni neno la Kiarabu la chemchemi za maji ya moto, ndugu wa hamamu. Mouraria ndiko Waislamu walikopangiwa kukaa baada ya mfalme Afonso Henriques kuuteka mji mwaka 1147. Vichochoro vyake ni vya Mji Mkongwe kabisa: mapana ya punda mmoja, nguo zimeanikwa juu ya kichwa chako, na redio ya jirani ni redio ya mtaa. Potea. Ukichoka, shuka tu, utatokea mtoni.

Ngome ya São Jorge kiingilio ni euro 15 au zaidi. Sikuingia na sijuti. Mandhari yale yale, pengine bora zaidi maana na ngome yenyewe inaonekana, yako kwenye roshani za bure za Graça na Senhora do Monte. Nenda saa moja kabla ya jua kuzama, na machungwa na mkate.

Tramu namba 28 ni nzuri kwenye picha. Mchana ni debe la sardini lenye vibaka ndani. Ukiitaka, panda Campo de Ourique saa mbili asubuhi kurudi mjini, begi limekaa kifuani. Jumanne na Jumamosi kuna mnada wa mitumba, Feira da Ladra, pale Campo de Santa Clara. Bei ya kwanza wanayokutajia ni salamu tu.

Ukibaki na saa moja, lipa kiingilio kidogo cha Jumba la Makumbusho la Aljube, karibu na kanisa kuu. Palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za udikteta. Humo kuna habari za vita vya makoloni, na Mtanzania ataziangalia kwa jicho lake: Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na askari waliochoka na vita vile ndio walioipindua serikali ya Lisbon tarehe 25 Aprili 1974. Mwaka uliofuata Msumbiji ikawa huru.

Hatua ya 8: Belém, na kaburi la mtu tunayemjua

Panda tramu ya 15 kutoka Praça da Figueira au Cais do Sodré. Usiende Jumatatu, monasteri imefungwa.

Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16, kwa kodi ya asilimia tano ya biashara ya Afrika na Mashariki. Watu hupanga foleni saa nzima kulipa euro 18 waone ua wake wa ndani. Kanisa lililo ubavuni, Santa Maria de Belém, ni bure, na lina mlango na foleni yake. Uliza kabla hujasimama kwenye ile ndefu. Ukiingia tu, upande mmoja amelala mshairi Camões, upande wa pili Vasco da Gama. Sanamu yake ya jiwe imelala chali, viganja vimeunganishwa kama anayesali, na ubavuni pa kaburi kimechongwa chombo cha matanga. Alifia Kochi, India, mkesha wa Krismasi 1524. Mifupa ililetwa kanisani humu karne ya 19.

Watalii walikuwa wanapiga picha na kuondoka. Mimi nilikaa. Huyu ndiye aliyepita Mombasa na Malindi Aprili 1498, na mwaka 1502 akarudi na mizinga mbele ya Kilwa na kumlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, alipe kodi ya dhahabu. Sikujua nisome dua au niondoke kimya. Nikaondoka kimya.

Mnara wa Belém utazame ukiwa ufukweni. Uzuri wake uko nje. Njiani, chini ya mnara wa wagunduzi wa 1960, kuna ramani ya dunia iliyotandikwa sakafuni kwa mawe ya rangi, zawadi ya Afrika Kusini. Bure. Simama juu ya pwani yetu, hatua moja tu inakufikisha India. Vitumbua maarufu vya duka lile la tangu 1837 nunua vya kubeba, foleni ya dirishani huenda haraka, uvile bustanini na mdalasini.

Hatua ya 9: Hapa usibane

Fungua pochi kwa jambo hili moja. Jumba la Taifa la Sanaa za Kale liko Mtaa wa Janelas Verdes, mwendo wa kama dakika 25 kwa miguu kutoka Cais do Sodré. Kiingilio ni kati ya euro 10 na 15, Jumatatu halifunguliwi. Kabla ya kukata tiketi ya ndege angalia tovuti yao kama hakuna ukarabati.

Uliza *Custódia de Belém*. Ni chombo cha kanisani, cha kuonyeshea hostia, yaani mkate mtakatifu wa misa, urefu wake kama mkono kutoka begani hadi kwenye vidole. Dhahabu tupu na rangi za enameli. Nilipiga magoti ili macho yawe sawa nacho. Mitume kumi na wawili, kila mmoja mdogo kama kidole gumba, wamepiga magoti duara, na kila uso una wake: mmoja ana ndevu za mafungu, mwingine ameinua kidevu kama aliyeitwa jina. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Kiliundwa na sonara Gil Vicente kwa amri ya mfalme Manuel wa Kwanza.

Kisha zunguka kitako chake taratibu. Kuna maandishi ya herufi kubwa, meupe, kwa Kireno cha zamani. Yanasema mfalme aliamuru chombo hiki kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya QUILOA, kikakamilika mwaka 1506. Mwaka ule ule wa mauaji ya Rossio. Na mwaka mmoja kabla yake, Julai 1505, kamanda wa Kireno Francisco de Almeida alikuwa ameshaingia Kilwa kwa silaha na kuipora.

Dhahabu hiyo ilitoka bara, nyanda za Zimbabwe, ikashuka Sofala, ikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa, na ikavuka bahari mbili kuja kukaa kwenye kioo mbele yangu. Mlinzi aliona nimekaa sana, akasogea. Nikamwonyesha lile neno, nikamwambia ni kwa mjomba wangu. Akatabasamu bila kuelewa, akaniachia.

Nilipiga picha bila mwanga wa kamera, nikaituma nyumbani. Jibu la mjomba lilikuja kabla sijafika mlangoni: "Mithkali ngapi?" Nikamwandikia elfu moja na mia tano, kwa hesabu ya kodi ile. Ukichukua mithkali, kipimo cha kale cha dhahabu, kuwa zaidi kidogo ya gramu nne, ni kilo sita na ushee. Akanirudishia sauti ya sekunde mbili, amecheka tu.

Hatua ya 10: Vuka mto

Siku ya mwisho panda feri Cais do Sodré hadi Cacilhas, salio la kadi linakata chini ya euro 2. Dakika kumi tu, lakini ni mwonekano wa mji mzima ambao wengine wanaulipia euro 20 na zaidi kwenye boti za watalii. Anayetoka Kigamboni au Likoni atajisikia yuko nyumbani, isipokuwa hakuna anayeuza korosho. Tembea ufukweni kuelekea Daraja la 25 Aprili, ule samaki kwenye migahawa ya nyuma na si ya ukingoni, kisha rudi.

Sintra watakuambia usikose. Treni kutoka Rossio ni rahisi na huchukua kama dakika 40, lakini viingilio vya majumba yake vitakula siku mbili za chakula. Niliiacha.

Hesabu yangu

Kitanda usiku mitano euro 110, kodi ya utalii 20, usafiri wote wa mjini 20, chakula 100, viingilio 20. Jumla euro 270, bila nauli na viza. Ile 9 ya mkate na zeituni imo kwenye chakula.

Usalama hauhitaji hatua yake peke yake. Jihadhari na vibaka kwenye tramu za 15 na 28, na pia vijana wa Baixa wanaokunong'oneza kwamba wana bangi. Mara nyingi ni majani makavu ya mboga yaliyobanwa. Pita kama hujasikia. Mwenye kutafuta msikiti, Msikiti Mkuu uko karibu na Praça de Espanha, na Ijumaa utakutana na Wasumbiji wengi.

Kurudi uwanjani ni metro ile ile, na toka hosteli saa tatu kabla ya ndege kuruka, maana foleni ya pasipoti ya kutoka Schengen huwa haina huruma. Kadi ya Navegante usiitupe kwenye pipa la uwanjani kama nilivyoona wengi wakifanya. Inaishi mwaka mzima. Yangu ilibaki na senti themanini, nikampa dada mmoja wa Mombasa aliyekuwa anapanda treni ile ile niliyoshuka, nikamwambia aanze na Janelas Verdes.